Rangi za chumba kidogo cha kulala: usianze na kopo la rangi, anza na leso (khanga)

Chumba changu cha kwanza cha kupanga kilikuwa Majengo, futi kumi kwa kumi, dirisha moja tena linaangalia ukuta wa jirani, na kila niliyemuuliza nikipige rangi gani aliniambia nyeupe, chumba kidogo dawa yake nyeupe. Nikanunua nyeupe ile kali kabisa. Ilipokauka chumba kikawa kijivu, wallahi, mchana kutwa kimekaa kama maji ya kuoshea mchele. Baadae ndo nikaelewa kwamba nyeupe haina mwanga wake yenyewe, inarudisha tu ule unaoipiga, sasa chumba kisichopata jua nyeupe inarudisha kigiza kile kile, na kila kivuli cha kwenye kona kinaonekana. Nilipokuja kukipiga manjano hafifu, ile ya siagi, ndo kikachangamka.

Tokea hapo nimeshapiga rangi chumba cha wifi yangu Kisauni na cha mamangu kule Kibokoni na changu mwenyewe mara tatu, na nataka niwaambie nilivyoona kwa macho yangu, manake ushauri mwingi unaozunguka ni wa vyumba vya nchi za baridi ambapo jua wanalitafuta, sisi hapa Mombasa jua tunalikimbia.

Kwa hivyo kitu cha kwanza, kabla hujaenda dukani, keti chumbani mwako siku moja uangalie mwanga. Angalia asubuhi, angalia saa saba mchana, angalia alasiri, na usiku taa ikiwaka. Dirisha likiwa mashariki utapata jua safi asubuhi afu mchana chumba kinatulia, hapo karibu rangi yoyote itakukubali. Dirisha la magharibi ndo lenye kazi, kuanzia saa tisa hivi mpaka magharibi jua linaingia la njano kabisa, kremu yako inageuka chungwa na pichi inakuwa kama moto, chumba kama hicho kipe rangi za kutulia, samawati iliyokolea kidogo, kijani cha majani makavu, au kijivu chenye ubuluu ndani yake. Halafu sisi tuko kama digrii 4 tu kusini mwa ikweta, jua linapita karibu na utosi, mwezi wa Juni linaegemea kaskazini na Disemba linaegemea kusini, sasa dirisha la kaskazini au la kusini halina hali moja mwaka mzima, ukilipimia mwezi mmoja tu linaweza kukudanganya.

Na kile chumba ambacho jua halifiki kabisa, kama changu cha Majengo au vile vyumba vya katikati vya nyumba za Kiswahili ambavyo dirisha lake liko ujiani, kipe rangi yenye joto: siagi, pichi hafifu, rangi ya mchanga, ganda la yai. Au ufanye kinyume kabisa, na hili watu wanaliogopa lakini linafaa sana, ukubali kwamba ni chumba cha giza ukipige rangi nzito kuta zote nne, kijani cha chupa au buluu ya usiku, uweke taa mbili za njano, kiwe kama pango zuri la kulalia. Kinachoharibu ni kukaa katikati, kijivu hafifu kwenye chumba cha giza hakina uhai.

Jambo moja niliseme wazi. Rangi ya ndani haipunguzi joto la chumba. Kinachopoza ni upepo, feni, paa na ukuta wa nje. Samawati itakupoza macho, na hilo lina maana yake ukirudi nyumbani saa nane mchana wakati wa kaskazi, lakini usitarajie kwamba utazima feni.

Sasa leso

Hapa ndo penye siri yangu. Watu wanaanza na rangi ya ukuta kisha wanahangaika kutafuta shuka na pazia za kuendana nayo. Geuza. Rangi ya ukuta inachanganywa dukani kwa mashine, ukitaka rangi elfu utapewa elfu, lakini kitambaa unachokipenda kwa moyo ni kimoja. Kwa hivyo nenda Biashara Street, zunguka maduka ya leso, tafuta ile inayokufanya usimame. Usiangalie jina lake kwanza, angalia rangi. Au fungua sanduku la mamako, huko kuna hazina.

Leso ukiitandaza inakufundisha hesabu yote. Kuna mji, ile sehemu ya katikati ambayo ndo kubwa. Kuna pindo, linazunguka kote. Na kuna jina, yale maandishi, na vile vidoa vidogo vinavyong'ara. Mafundi wa mapambo ya nyumba wana kanuni yao wanaita sitini, thelathini na kumi, yani asilimia 60 ya chumba iwe rangi moja, 30 ya pili, 10 ya tatu. Mimi nikiisikia naona leso tu. Rangi ya mji, ile iliyotawala, ipeleke ukutani lakini uipunguze makali. Rangi ya pindo iende kwenye vitambaa vikubwa, pazia na shuka. Rangi ya jina, ile kidogo kali, iende kwenye mto mmoja, kifuniko cha taa, fremu ya kioo, basi. Leso nyingi zina rangi mbili tatu au nne tu na bado inajaa macho, chumba kidogo pia hakihitaji zaidi ya hapo.

Nikupe mfano wa chumba cha wifi yangu. Alikuwa na kisutu chake cha harusi, ile leso nyekundu nyeusi na nyeupe, na alitaka chumba kizima kifuate. Nikamwambia wifi, nyekundu kuta nne kwenye chumba cha kulala hutolala. Tukachukua ile nyeupe ya kisutu, tena si nyeupe kali, nyeupe ya maziwa, ndo ikawa kuta. Nyekundu ikawa kitandani peke yake, kisutu chenyewe tumekitandika miguuni juu ya shuka nyeupe. Nyeusi ikawa fito ya pazia, fremu ya kioo na miguu ya kitanda. Kimekuwa chumba ambacho ukiingia jicho linaenda moja kwa moja kitandani, na chumba kidogo kinataka hivyo, jicho liwe na mahali pamoja pa kutua.

Leso mpya yenye nyekundu inachuja, iloweke kwenye maji baridi na uifue peke yake mara mbili tatu kabla hujaiweka juu ya shuka nyeupe.

Vitu ambavyo watu hawavihesabu kuwa ni rangi

Sakafu. Nyumba nyingi za zamani huku zina sakafu ya simiti nyekundu, na ile nyekundu mwanga ukiipiga inarushwa ukutani, ukuta mweupe unakuwa na upinki kwa chini. Usishindane nayo. Kremu na rangi ya mchanga zinakubaliana nayo vizuri sana, kijani cha majani makavu pia, ila pinki na zambarau mbele ya sakafu nyekundu zinagombana. Kama huipendi funika na mkeka. Mkeka wa ukindu wa rangi yake ya asili unatuliza sakafu yoyote, na ule wa rangi rangi unaweza kuwa ndo leso yako, uchague rangi zote kutoka kwake.

Chandarua. Fikiria kidogo, katika chumba cha futi kumi kile kitambaa kikubwa kuliko vyote ni chandarua, kinatoka darini mpaka sakafuni, na watu wanachukua chochote tu, buluu ya hospitali kwenye chumba cha pichi. Ukipiga rangi chumba kizuri afu ukaning'iniza chandarua cha rangi ngeni umeharibu kazi yako. Nyeupe ndo rahisi kuendana. Kama umepata cha bure na ni cha buluu au kijani basi ihesabu rangi hiyo kwenye zile tatu zako.

Dari pia. Dari ikiwa chini usiipige rangi nzito. Ipige nyeupe ya maziwa au rangi ile ile ya ukuta iliyochanganywa na nyeupe mpaka ikawa hafifu, ile mstari wa kona unapotea na macho hayajui ukuta umeisha wapi.

Na sasa lile la mkanda. Mnajua ile mitindo ya kupiga rangi nzito ya mafuta chini ya ukuta mpaka kiunoni, kahawia au damu ya mzee, na juu kremu, ili watoto wakichafua ipanguswe? Kwa ujia na sebule ni akili nzuri. Kwa chumba kidogo cha kulala inakata ukuta nusu, chumba kinaonekana kifupi na kimebana. Nimeona vyumba vya watu vikipanuka kwa kuondoa ule mstari tu. Ukihofia uchafu chukua rangi moja kwa ukuta mzima, lakini iwe ile ya silki yenye mng'ao kidogo, hiyo inapanguswa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni bila kutoka.

Chumba cha mamangu Kibokoni kina shida nyingine, ni chembamba na kirefu. Nyumba za mawe za kale vyumba vyake viko hivyo kwa sababu upana ulikwenda na urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari, huwezi kupita pale boriti inapoishia. Hapo dawa ni kupiga ule ukuta mfupi wa mwisho rangi nzito au ya joto kuliko zingine, rangi nzito inausogeza ukuta karibu, na zile kuta ndefu mbili ziwe hafifu ili zisogee mbali. Tulipiga rangi ya udongo wa chungu ule wa mwisho ambapo kichwa cha kitanda kinaegemea na kuta ndefu tukazipa nyeupe yenye unjano kwa mbali. Kuna kidaka kimoja cha zamani pale ukutani, ndani yake tukapaka ile ile rangi ya udongo, mama akaweka chetezo chake, na boriti tukaziacha kama zilivyo, tafadhalini msizipige rangi ya mafuta boriti, uzuri wake ni ule weusi wake.

Pazia nitasema mawili tu. Ziwe karibu na rangi ya ukuta, sio rangi ya kupingana, ukuta na dirisha vinakuwa kitu kimoja na chumba kinapumua. Na fito ipandishe juu karibu na dari, sio pale pale juu ya dirisha. Kongowea kwenye mitumba utapata pazia nzuri sana za kitambaa kizito kwa bei ya huruma, ila kwa dirisha la magharibi jiepushe na zambarau na nyekundu, jua litazifubaza haraka utabaki na mistari.

Kujaribu, halafu kununua

Usichague kwenye kadi ya rangi. Kile kipande kidogo cha kadi kinadanganya, rangi ikishakuwa kuta nne zinarushiana, kila ukuta unamrushia mwenzake, inakuwa imekolea kuliko ulivyodhani. Ukiipenda moja, chukua ile iliyo hafifu kuliko hiyo kwa hatua moja. Nunua kopo dogo kabisa wanalouza, paka kwenye kadibodi kubwa mara mbili, acha ikauke, afu uihamishe hamishe: karibu na dirisha, kwenye kona ya giza, nyuma ya kitanda. Siku mbili. Usiku washa taa uliyonayo, manake taa ya njano inaipeleka samawati kwenye ukijani na taa nyeupe kali inaifanya pichi ionekane kama ngozi ya mgonjwa. Kwa chumba cha kulala mimi nachagua taa ya njano siku zote, na rangi naichagua chini ya taa hiyo, sio chini ya taa za dukani.

Hesabu ya rangi sio ngumu. Chumba cha futi kumi kwa kumi chenye kimo cha futi tisa kuta zake ni futi 360 za mraba, toa mlango na dirisha unabaki na kama 320, hizo ni mita 30 za mraba. Lita moja ya rangi ya maji kwenye ukuta laini inakwenda kama mita 10 za mraba kwa mkono mmoja, yani kupaka mara moja. Mikono miwili ni lita 6. Dari ikiwa nayo unaongeza lita 2. Ukuta wa plasta mpya au wa chokaa unakunywa zaidi, ongeza. Nunua yote siku moja, yachanganye makopo yote kwenye ndoo moja kubwa kabla ya kuanza, kwa sababu kopo hili na lile zinaweza kutofautiana kidogo na utaona mstari katikati ya ukuta.

Chumvi na ukungu, hapa msiruke

Hapa Mombasa rangi nyingi zinakufa kwa sababu ya ukuta, rangi yenyewe haina kosa. Kuta za mawe ya matumbawe, na hata nyumba mpya zilizojengwa kwa mchanga wa bahari, zina chumvi ndani. Maji yanapanda toka chini au yanaingia kwa paa linalovuja, yanaiyeyusha ile chumvi, yakifika usoni mwa ukuta maji yanakauka chumvi inabaki, ndo ule unga mweupe na rangi kubanduka kama magamba. Fundi mmoja alinishauri niufunike kwa rangi ya mafuta kwa mamangu, nikakubali, miezi mitatu haikufika ukuta ukavimba mapovu, manake unyevu uliokuwa ndani ulikosa pa kutokea. Ilibidi nikwangue yote. Ukuta wa zamani unahitaji kupumua, na kwa kuta hizo chokaa bado ni nzuri kushinda chochote, unaweza kutia rangi za unga za kuchanganya na chokaa ukapata manjano na samawati hafifu nzuri mno.

Kwa hivyo: tafuta maji yanatoka wapi uzibe kwanza. Chumvi ipige brashi kavu, usiioshe kwa maji utairudisha ndani. Rangi iliyolegea ikwangue kwa skrepa, ipige msasa, na kama ni rangi ya mafuta ya miaka mingi usiipige msasa mkavu, rangi za kale zinaweza kuwa na madini ya risasi na vumbi lake ni sumu hasa kwa watoto, ilowanishe kwanza, vaa barakoa, watoto na mama mjamzito wasiwepo kabisa. Ukungu mweusi wa kwenye kona uoshe kwa Jik kikombe kimoja na maji vikombe vinne, madirisha wazi, na usiichanganye na dawa nyingine yoyote ya kusafishia, uache dakika kumi na tano, suuza, uache ukauke kabisa. Kama ukuta una chokaa ya zamani pitisha kiganja, kikitoka cheupe usipige rangi ya maji juu yake, itabanduka na chokaa yake. Ipige brashi mpaka isitoe unga tena.

Wakati mzuri ni Januari na Februari, kaskazi, hewa kavu. Mwezi wa Mei na mvua za masika mimi sipigi rangi, mkono wa kwanza unakaa siku nzima haujakauka.

Kazi yenyewe ukishaandaa ni fupi. Sogeza kitanda katikati ufunike, dari kwanza, afu kuta toka juu kuja chini, kona na pembezoni kwa brashi halafu rola kabla ile ya brashi haijakauka, acha masaa manne kisha mkono wa pili. Mlango na fremu ya dirisha mwisho. Kwenye chumba kidogo mimi fremu ya mlango naipa rangi ile ile ya ukuta, ikiwa nyeupe juu ya ukuta wa rangi inakuwa kama picha imewekewa mpaka na jicho linahesabu kila kitu kilichomo. Usiku huo lala kwa dadako, madirisha wazi.

Na wewe mpangaji ambaye mwenye nyumba hataki ukuta uguswe, usikate tamaa. Jozi moja ya leso ukiwa hujaikata bado zimeshikana ni karibu mita tatu, itundike nyuma ya kichwa cha kitanda kwa fito na misumari miwili, hapo umepata ukuta wa rangi bila kupiga brashi. Chagua yenye mji mpana usio na fujo nyingi. Zile karatasi za kubandika ukutani mimi zilinitoka kwenye kona msimu wa mvua na zikaondoka na rangi ya mwenye nyumba, kwa hiyo sizipendekezi. Ukibadilisha shuka, pazia na hiyo leso Idi hadi Idi, chumba kinakuwa kipya na deposit yako iko salama.

Rangi iliyobaki ifunge vizuri, andika juu ya kopo kwa kalamu nene namba yake ya mashine, jina la duka na tarehe, uiweke chini ya kitanda mbali na jua. Ukuta ukikwaruzwa na kabati unapaka pale pale kwa brashi ndogo, na siku ukitaka kopo jingine unaenda na ile namba.